Shangazi, mtoro wangu amekwama ukingoni mwa Simiyu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nakaa Buhongwa. Mchana nafundisha Historia, usiku watoto wakishalala naandika riwaya. Inamhusu kijana aitwaye Masanja, mpagazi, mwaka 1876. Msafara wake ni wa mfanyabiashara wa pwani na umepiga kambi Kageye, ufukweni mwa ziwa. Masanja anatoroka usiku pamoja na mdogo wake, Nyanzobe, wakimbilie kwao Nassa, upande wa mashariki. Katikati yao na nyumbani kuna mto Simiyu. Sura ya tisa ndiyo ya kuvuka, na hapo ndipo kalamu ilipogoma.

Si kwamba sikusoma. Nimesoma habari za Speke aliyefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na za Stanley aliyeingia Kageye tarehe 27 Februari 1875 na mashua yake iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa watu. Nimetoa nakala ya ramani ya Magu, zile za kipimo cha 1:50,000. Likizo ya Juni nilipanda basi mpaka darajani, nikashuka, nikasimama pale nikitazama. Niliona mchanga, ng'ombe na vijana wanaochimba mchanga wa kujengea. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui zaidi ya nilivyokwenda.

Ugomvi ndipo ulipoanza. Nina baba mkubwa anayekaa karibu na mdomo wa mto, amevuka miaka themanini. Yeye anasema watu walivuka kule kule mdomoni, mto unapoingia ziwani, kwa miguu, na ng'ombe wao, maji ya magotini. Ramani yangu hapo inaonyesha kinamasi na mafunjo matupu, na njia ya miguu inakatiza mto mbali kabisa huko juu. Nilimwonyesha ramani ile mbele ya binamu zangu. Baba mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaulize hiyo karatasi ikupe na maziwa." Tangu siku hiyo nikipiga simu anampa mjukuu azungumze nami.

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia naye ananicheka. Anasema nimejitafutia taabu bure, mtu wa ziwani angechukua mtumbwi Kageye akaenda zake Nassa kwa maji, mto aukute wapi? Mume wangu hasemi kitu kuhusu riwaya, ila nauli anaihesabu.

Nakuwekea kipande uone:

"Mtama ulikuwa umeshavunwa na maghala ya Wasukuma yamejaa. Simiyu ulinguruma kama simba. Masanja alimweka Nyanzobe mgongoni, akaingia. Maji yalimfika kiunoni, kifuani, kisha shingoni, lakini hakurudi nyuma. Ng'ambo, chini ya mikaratusi, kikongwe mmoja alikuwa akikaanga sato."

Shangazi, nimwamini nani, mzee au ramani? Nitawezaje kuujua mto wa mwaka 1876 wakati hata wa leo sijauelewa? Na je, mwanzoni mwa kitabu niweke ramani, kama wanavyofanya wengine?

Mwalimu wa Buhongwa

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Nianze na hicho kipande ulichoniwekea, maana majibu mengi yamo humo humo. Sentensi ya kwanza inasema mtama umevunwa. Ya pili inasema mto unanguruma. Kwa Usukuma hayo mawili hayakai kwenye wiki moja. Mtama unavunwa mvua za masika zikishakwisha, kuanzia mwezi wa tano, wa sita, mpaka wa saba. Wakati huo Simiyu unakuwa ndio ule ulioukuta wewe likizo: mchanga, ng'ombe, na dimbwi hapa na pale. Mto wa kunguruma ni wa Machi na Aprili, au wa Novemba na Desemba vuli ikikubali, na katika miezi hiyo maghala yanapungua, hayajai. Watu wanapalilia na kuhesabu siku.

Kwa hiyo usiniulize kwanza Masanja alivukia wapi. Niambie alivuka mwezi gani, na alikuwa amebeba nini. Ukishajua mwezi na mzigo, mahali pa kuvukia patajitokeza penyewe, kwa sababu hata watu wa wakati ule hawakuwa na kivuko kimoja cha mwaka mzima. Palikuwa na pa kiangazi, pa masika, pa ng'ombe, pa mtu mwenye haraka, na siku nyingine hapakuwa na pa kuvukia kabisa, mtu anakaa ukingoni anasubiri maji yashuke.

Hata hao wazungu uliowasoma, wasome na kalenda mkononi. Speke alitoka Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, akalifikia ziwa mwanzoni mwa Agosti. Safari nzima ni kiangazi. Ukimwona haelezi taabu ya kuvuka mito, hajakuambia kwamba mito ilikuwa midogo. Amekuambia ni Julai. Stanley alipita Februari, akitokea kusini mashariki, akaufuata Simiyu na kuutaja kwenye maandishi yake. Ni msimu mwingine na njia nyingine. Tena alikuwa na watu zaidi ya mia, mizigo na mashua. Msafara wa namna hiyo unatafuta mahali penye kingo za chini pande zote mbili, mapana, watu waweze kuteremka wengi kwa pamoja na kupanda bila kuteleza. Masanja ana mtoto mmoja mkononi na watu nyuma yake. Kivuko kinachofaa msafara ndicho asichoweza kukigusa, kwa kuwa ndicho kitakachowekewa walinzi kwanza. Hapo tu una kurasa tano za riwaya bila kwenda maktaba.

Sasa uchague, na chaguo ni lako, lakini nitakuambia ninalolipenda.

Ukitaka mafuriko, ondoa maghala. Iwe mwishoni mwa Machi, njaa ya kabla ya mavuno, msafara umekwama Kageye kwa sababu ya mvua, wapagazi wanapewa posho ya nusu. Sababu ya kutoroka inapatikana hapo hapo. Na Simiyu una tabia moja ya kumfaa mwandishi: maji yake yanatoka mbali, huko nyanda za kuelekea Serengeti. Mvua ikinyesha kule juu usiku, Magu mbingu inaweza kuwa nyeupe na nyota zote zipo, na mto ukaja alfajiri umejaa, wa rangi ya udongo, na magogo juu yake. Masanja anafika jioni, maji ya magotini, anasema tupumzike tutavuka alfajiri. Wewe endelea.

Lakini katika mafuriko hayo usimpeleke mpaka shingoni. Maji yakimfika mtu mzima shingoni, mtoto aliye mgongoni yamekwishamfika puani. Nyanzobe amekufa na hukumwona. Mtoto wa kuvushwa anakaa mabegani, miguu imeshikwa kwa mbele. Tena katika maji yanayokwenda kasi mtu hafiki shingoni akiwa bado anatembea. Kiunoni tu miguu inaanza kuondoka chini. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kumsukuma mtu inaongezeka mara nne, ndiyo maana mto wa magotini wenye kasi umeshaua watu waliojua kuogelea. Mvukaji mzoefu anashika fimbo ndefu, anaikita upande yanakotokea maji, anasogeza mguu mmoja baada ya mwingine huku uso umeelekea maji yanakotoka, na anaacha maji yamshushe kidogo kidogo. Hatoki ng'ambo mkabala na alipoingilia. Anatokea chini zaidi. Kwa hiyo kabla hajaingia anatazama ng'ambo anakotarajia kutokea, si anakosimama. Mwandishi akiliweka hilo, msomaji wa Magu anatikisa kichwa, anasema huyu anaujua mto.

Mimi ningechagua kiangazi. Najua utaona nakuharibia kilele chako. Hebu uutazame upya ule mchanga uliouona darajani ukarudi umenuna. Usiku, mbalamwezi, mto mkavu ni uwanja mweupe usio na hata kichaka cha kujifichia. Mtu anayetembea katikati yake anaonekana kutoka kingo zote mbili. Mguu unazama, mwendo ni wa taabu, na kila hatua inaacha alama ambayo asubuhi hata mtoto wa kuchunga mbuzi ataisoma: mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, wamekwenda upande huu. Maji yapo chini ya mchanga. Wanawake wanachimba visima vya mkono, na kwenye visima hivyo hapakosi mtu alfajiri. Na mabwawa machache yanayobaki kwenye kona za mto ndiko mamba wanakojikusanya, pamoja na viboko, wakiwa wamebanwa na wana hasira. Masanja ana kiu, Nyanzobe analia maji, na maji pekee yanayoonekana ni yale. Mafuriko msomaji ameshayaona katika hadithi nyingi. Mto mkavu unaotisha hajauona bado, na maghala yako yaliyojaa yanabaki palepale.

Tuje kwa baba mkubwa, maana huko ndiko kwenye kidonda.

Umeniuliza umwamini mzee au ramani. Ningekuwa hakimu ningewaachia wote wawili. Fikiria umri wake. Mtu aliyevuka themanini leo alikuwa mvulana wa kuchunga ng'ombe miaka ya 1950. Kisha mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zikaja, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Kwenye mawe ya Mwanza mita mbili si kitu, maji yanapanda ukutani tu. Kwenye ardhi tambarare kama ile ya mdomo wa Simiyu, mita mbili zinaingia nchi kavu mbali sana. Mashamba yalikwenda, fukwe zikakwenda, na kilichokuwa mchanga wa kuvukia kikawa kinamasi. Ziwa halikurudi lilikokuwa. Limekuwa likipanda na kushuka, lakini kwa sehemu kubwa limebaki juu ya lilivyokuwa kabla ya 1961. Tazama mwaka ambao ramani yako ilichorwa. Kama picha za ndege zilizotumika zilipigwa baada ya hapo, ramani imeona mafunjo, na baba yako mkubwa ameona mchanga, na wote wanasema kweli.

Lakini usikimbilie kumvusha Masanja magotini kule mdomoni kwa kuwa mzee kasema. Mwaka 1876 si mwaka 1950. Habari zilizoachwa na wamisionari na wasafiri waliokuwepo zinaonyesha ziwa lilikuwa juu mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Maana yake ni kwamba mdomo wa Simiyu wa Masanja huenda ulifanana zaidi na huu wa leo wenye mafunjo kuliko na ule wa utoto wa baba yako mkubwa. Kwa mahali hapo ramani yako inaweza kukufaa zaidi, kwa sababu ambayo mchoraji wake hakuikusudia.

Sasa usipeleke habari hii kwake kama hukumu nyingine. Ulimpa mzee karatasi mbele ya watoto wake. Hilo linarekebishwa kwa kwenda, si kwa simu. Chukua kilo mbili za sukari na majani ya chai, na kitenge cha mama mkubwa, ufike asubuhi, na ramani ibaki Buhongwa. Usimuulize watu wa 1876 walivukia wapi. Hakuwepo, na atakujibu kwa ajili ya heshima yako. Muulize aliyoyaona. Baba mkubwa, ziwa lilikuwa linaishia wapi ulipokuwa unachunga? Naomba unionyeshe. Mwezi gani mlikuwa mnaacha kuvusha ng'ombe? Ndama mlikuwa mnawavusha vipi? Nani alichukuliwa na mamba, na ilikuwa pembe ipi ya mto? Maji yalipokuja yale ya Uhuru, nyumba ya nani ilihama kwanza? Hilo la mwisho litamfungua mdomo kuliko yote. Kisha umwombe akutajie alichosikia kwa babu yake, kwa maneno hayo hayo, ili ujue kipi ni jicho lake na kipi ni sikio lake. Daftari lako liwe na safu mbili.

Akikubali kutembea nawe mpaka ukingoni, mwache atangulie. Miguu ya mzee inakumbuka vitu ambavyo mdomo haujaulizwa.

Mwenzako wa Jiografia asikusumbue sana, ingawa hoja yake si ya kijinga. Kwa maji, Kageye na Nassa zote ziko kwenye Ghuba ya Speke, na mitumbwi ilikuwepo. Wakerewe walikuwa mabingwa wa mitumbwi ya mbao za kushonwa, na Stanley mwenyewe aliiazima mitumbwi kwa mtemi Lukonge wa Ukerewe. Hata majahazi yalishaanza kujengwa, maana Songoro, mfanyabiashara wa pwani, alikuwa akijengewa lake huko Ukerewe miaka hiyo hiyo. Ila mtumbwi una mwenyewe. Mtoro anayeiba mtumbwi Kageye ameongeza adui wa pili juu ya yule anayemkimbia, na mwenye mtumbwi anajua kupiga kasia kuliko mpagazi. Halafu kuna upepo. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, asubuhi maji yametulia, na kuanzia mchana unageuka, unatoka ziwani, na mawimbi yanaanza. Wavuvi wanaijua ratiba hiyo, mpagazi si mvuvi. Ukitaka, mwache Masanja alifikirie hilo ukurasa mmoja, aone mitumbwi imefungwa ufukweni na mbwa amelala kando yake, aache. Mwenzako atakuwa amejibiwa ndani ya kitabu, bila kutajwa.

Vitu vya kufuta ni vichache, nitavipitia haraka. Mikaratusi ililetwa wakati wa ukoloni. Ng'ambo weka mkuyu au mgunga, na kwenye vijiji weka ua wa minyaa, ambao wasafiri wa kwanza waliukuta. Sato tunayemla siku hizi alipandwa ziwani miaka ya 1950, na sangara vilevile ni mgeni wa miaka hiyo ya 1950 na 1960, kwa hiyo kikongwe wako awe na ngege, au kambare, au kamongo ambaye mbugani hujichimbia matopeni kiangazi. Na asikaange, mwanangu. Amchome au ambanike, mafuta ya kukaangia ya kumwaga hivyo kando ya mto atayatoa wapi? Magugu maji yalifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Nataja tu maana mtu akisimama ufukweni leo kuandika anachokiona, yanaingia yenyewe kwenye sentensi. Pamba ya kufunika nchi nzima ni ya Wajerumani na Waingereza, iondoe kama ipo. Na huo mngurumo wa simba sina ugomvi nao, ila umechoka.

Kuhusu sura ya nchi, nakuonya jambo moja zaidi. Usidhani ule uwazi wa Magu na Misungwi ndio wa tangu na tangu, wala usidhani kinyume chake, kwamba zamani kote kulikuwa msitu. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi, watu wakahama au wakafa, na vichaka vikarudi pamoja na mbung'o. Baadaye, miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Waingereza ikawakusanya watu kufyeka vichaka hivyo, hasa upande wa Shinyanga. Masanja wako yuko kabla ya yote hayo. Usukuma alioukuta Stanley ulikuwa na watu wengi na mifugo mingi. Kwa hiyo tatizo la mtoro haliko porini. Ni vijiji, mbwa, wachungaji, na watoto wenye maswali. Watakaomsaidia nao ni hao hao.

Kilicho chini ya miguu ndicho hakijabadilika sana, na ndicho wengi wanakisahau. Kaa na mkulima yeyote wa Kisukuma atakugawia ardhi kutoka juu ya mlima mpaka mtoni: mawe, kisha mchanga wa luseni chini yake, kisha itogolo, ile ardhi ngumu ya malisho, kisha mbuga nyeusi. Mtu anayekimbia anayahisi kwa nyayo. Kwenye luseni anakwenda. Kwenye mbuga, kiangazi ardhi imepasuka nyufa za kuingia mguu mzima, unaweza kuvunjika kifundo cha mguu usiku; masika inakuwa tope la kunata linalovua viatu vya mwenye viatu na kumchosha asiye navyo. Mara nyingi mbuga ya kuufikia mto inamshinda mtu kabla ya mto wenyewe. Likizo ulisimama kwenye daraja la lami, mwalimu, hukuikanyaga.

Ndiyo maana lazima urudi, na safari hii usiende Juni. Walimu wote mna Juni na Desemba, na vitabu vyenu vyote vina mito ya Juni na Desemba. Nenda mapumziko ya Pasaka, masika yakiwa katikati. Usiingie majini. Mamba wapo, na kichocho ukanda huu wote kipo, huhitaji kuugua ili uandike. Simama juu ya ukingo, tafuta mahali ng'ombe wanapovushwa, tazama maji yanawafika wapi, kwato zinaingia kwenye nini, mchungaji anapiga kelele gani. Tupa kijiti kikavu juu ya maji, utembee nacho sambamba ukingoni. Kikikuacha, Masanja hawezi kuvuka hapo na mtoto. Sikiliza pia: mto uliojaa tope hausikiki kama mto wa mawe, ni mzito, unasugua. Andika hapo hapo, ukiwa umesimama, hata kama vijana wa mchanga wanakushangaa.

Nauli ya mume wako utaipunguza hivi. Kabla ya kwenda, tazama picha za satelaiti kwenye kompyuta ya shule, zile za Google Earth zinazokuwezesha kurudi nyuma miaka. Fuata Simiyu kutoka darajani kwenda juu, ukitafuta sehemu ambapo njia nyingi nyembamba za ng'ombe zinakusanyika ukingoni kutoka pande zote mbili kama nyuzi za kikapu. Hapo ndipo watu wanavuka, hata kama ramani haikuandika kitu. Linganisha picha ya Agosti na ya Aprili. Utaona pia mto umehama kitanda chake mara ngapi pale chini kwenye mchanga, na utaacha kutafuta jiwe moja ambalo Masanja alilikanyaga. Bujora, pale Kisesa, ni daladala tu kutoka kwako. Kwenye makumbusho ile ya Wasukuma nenda ukatazame vitu vya mkononi: vibuyu, vyungu, silaha, nyumba. Nyaraka za wakoloni ziache kwanza. Zinaanza baada ya hadithi yako, na wewe ni mtu wa aina inayoweza kuzama humo mwaka mzima ukasema unaandika.

Na usisubiri Pasaka kuandika sura ya kumi. Sura ya tisa iache na shimo, uandike katikati ya ukurasa "wanavuka", uendelee na Nassa. Baada ya kufika Nassa utajua wametoka majini wakiwa katika hali gani, na hiyo itakusaidia kuliziba shimo kuliko ramani tatu.

Swali la mwisho, la ramani mwanzoni mwa kitabu. Iweke, lakini iwe ya Masanja. Hajawahi kuliona ziwa kutoka juu. Anachokijua ni Kageye, mlima wa kuelekea jua linakochomoza, vijiji viwili vitatu vya watu wa ukoo wake, mto, na Nassa. Ukerewe iwe pembeni, mbali kidogo kuliko ilivyo kweli, kama inavyoonekana ufukweni siku ya ukungu. Usiandike Ghuba ya Speke, Masanja hakumjua Speke. Na mdomo wa Simiyu uchore kwa mafunjo. Kijana wa kukuchorea utampata kwenye darasa lako la kidato cha tatu, yule anayechora nyuma ya daftari la Hesabu, mlipe.